Dawa ya Yowe Msikitini Si Kuzidisha Sauti

Mtu wa pwani akipanda hadi Eldoret, mji ulioinuka zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, hutarajia baridi. Asilolitarajia ni kusimama katika safu ya Isha asitambue imamu asoma nini. Sisemi kwamba sauti ni ndogo. Sauti ipo, tena kubwa mno. Kinachokosekana ni maneno.

Katika msikiti mmoja tunaosali huku, Ramadhani moja spika zilipiga yowe katikati ya tarawehe hata watoto wakaziba masikio. Kamati ikakutana, na rai iliyopita ni kununua amplifaya kubwa zaidi. Niliipinga, na hadi leo naipinga. Sauti imetushinda kwa wingi wake, nasi twaiongezea nguvu!

Yowe lile lina asili yake, ndugu msomaji. Sauti itokayo kwenye spika huingia tena katika maikrofoni, ikakuzwa, ikatoka, ikarudi tena. Walakini hairudi yote sawasawa. Ni mlio mmoja au miwili tu ndiyo itanguliayo kuvuma. Basi ya nini kuiadhibu sauti nzima kwa kosa la mlio mmoja?

Hapo ndipo inapofaa ile ikwalaiza ya parametriki, ambayo Mmarekani George Massenburg aliieleza kwa jina hilo mwaka 1972, na ambayo siku hizi imo ndani ya prosesa ya dijitali, kijisanduku cha kubebwa kwapani. Ikwalaiza zile zenye safu ya vijiti kila kijiti kina mahali pake palipokwisha kupangwa. Hii humwachia fundi achague mambo matatu: ni mlio upi, upunguzwe au uongezwe kiasi gani, na jirani zake waguswe kwa upana gani.

Kijana tuliyemwita, ambaye riziki yake ni muziki wa harusi (na wapo walionuna kwa hilo), aliipandisha maikrofoni polepole mpaka yowe likaanza, akalitafuta, akalikata kwa upana mwembamba kama uzi. Kisha akaupunguza, kwa upana mkubwa zaidi, mvumo wa mitetemo kama 250 kwa sekunde. Zulia letu humeza sauti nyembamba, lakini mvumo mzito halina uwezo nao, ukabaki kuzunguka kutani. Nilipomwuliza mbona haongezi kitu, alijibu, "Mzee, mimi napunguza tu." Usiku ule niliisikia sini na swadi, kila moja kwa sauti yake.

Ama limita, hiyo ni bawabu. Huwekewa mpaka, na sauti ikitaka kuuvuka huzuiwa papo hapo, hata mwadhini akikohoa juu ya maikrofoni spika isidhurike. Lakini bawabu asifanywe mwenye nyumba. Wako wanaoushusha mpaka huo chini kabisa ili kila kitu kisikike kwa ukubwa mmoja. Msomaji akinyanyua sauti kwenye aya ya onyo, akailegeza kwenye aya ya rehema, sisi twasikia bapa tupu. Hujitetea kwamba redio nazo hufanya hivyo. Redio yashindana na ngurumo za matatu. Imamu ndani ya msikiti ashindana na nani?

Tena prosesa nyingi zina njia za kutolea sauti zaidi ya moja, kila moja na ikwalaiza na limita yake. Spika za mnarani na zipewe adhana, khutba ibaki ndani. Kenya ina kanuni za kelele tangu mwaka 2009, na majirani zetu huku wengi si Waislamu. Sioni haja ya kuwaamsha kwa mikwaruzo.

Jambo moja limenishinda. Limita hupimwa kulingana na amplifaya iliyo mbele yake. Mtu akija baadaye akaiongeza amplifaya sauti, ule mpaka hauna maana tena, na spika huungua kana kwamba hapakuwa na mlinzi. Fundi alibandika utepe juu ya kizungushio cha amplifaya. Ijumaa iliyopita niliwahi mapema, nikaukuta utepe sakafuni, na kizungushio kimefika mwisho.