Kura yangu haifiki Washington

Ukitamka neno demokrasia hapa kwetu, mawazo yote yanakimbilia kwenye sanduku la kura. Tume, mawakala, nani kaibiwa wapi. Hayo yana siku yake, leo siyagusi. Leo nataka tuzungumzie meza ambazo hazina sanduku kabisa.

Chukua Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Kura za pale zinafuata zaidi ukubwa wa mchango, siyo idadi ya watu. Marekani peke yake ina takribani asilimia 16.5, na maamuzi makubwa yanahitaji asilimia 85. Piga hesabu mwenyewe: akikataa huyo mmoja, jambo limekufa. Sisi wa Afrika kusini mwa Sahara, nchi zaidi ya 40, tulikuwa na viti 2 tu kati ya 24 vya bodi hadi Novemba 2024, tulipoongezewa cha tatu. Na hawa ndio wanaokaa na mawaziri wetu kujadili kodi gani ipande na ruzuku gani ifutwe. Mbunge wako unaweza kumnyima kura. Mjumbe wa bodi kule Washington utamnyima nini?

Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wanaosema haya ni mambo ya wasomi, tuwaachie wasomi. Wala sikubaliani na wale wa upande wa pili, wanaodhani mabango na filimbi vinatosha.

Kisa ninachokipenda ni cha Jubilee 2000. Martin Dent, mhadhiri mstaafu wa Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza, alikuwa na wazo tu: madeni yasiyolipika ya nchi maskini yafutwe ifikapo mwaka 2000, kwa mfano wa ile jubilei ya kwenye Biblia. Akaungana na Bill Peters, balozi mstaafu. Wazee wawili! Wangeishia kuandika makala za kitaaluma, leo zingekuwa zinakula vumbi maktaba. Lakini makanisa yakalichukua wazo, vyama vya wafanyakazi vikalichukua, na Mei 16, 1998 watu wapatao 70,000 wakashikana mikono mjini Birmingham, viongozi wa G8 wakiwa na mkutano wao. Mwaka uliofuata, kule Cologne, wakubwa wakakubali kupanua mpango wa msamaha. Tanzania ikafikia hatua ya mwisho ya mpango huo Novemba 2001, mwaka ule ule serikali ilipofuta ada ya shule za msingi.

Sisemi msamaha peke yake ndio uliofuta ada. Uamuzi ulikuwa wa serikali, na kulikuwa na shinikizo la hapa hapa nyumbani. Ila fedha isiyokwenda kulipa deni inakwenda mahali. Mimi nilipoanza darasa la kwanza ada haikuwepo. Michango ilikuwepo, tena ya kila rangi, lakini ada haikuwepo.

Na msidhani walikuwa wanapigiana makofi muda wote. Novemba 1999 wanaharakati wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini walikutana Johannesburg wakaunda Jubilee South, wakawaambia wenzao wa Ulaya kwamba msamaha wenye masharti ni kamba ile ile iliyolegezwa kidogo, na kwamba mengine ya madeni hayo hayakuwa halali tangu mwanzo. Kwangu mimi ugomvi ule ulikuwa na faida kuliko maazimio mengi ya pamoja niliyowahi kuyasoma.

Sasa njoo Kasarani, Nairobi, Januari 2007. Jukwaa la Kijamii la Dunia, lile lililoanzia Porto Alegre mwaka 2001 kama jibu kwa matajiri wa Davos. Wakazi wa mitaa ya mabanda wakafika getini wakakuta kiingilio. Kiingilio, kwenye mkutano wa kuwatetea maskini! Ikabidi waandamane mpaka wakaruhusiwa kuingia. Bunge la Mwananchi wao wakafanya kongamano lao bustani ya Jeevanjee, bila geti.

Haya hayakuishia Kasarani. Nimetumwa kuripoti warsha za "ushirikishwaji wa wananchi" ndani ya hoteli ambayo mwananchi hawezi kununua hata soda. Mada kwa Kiingereza, posho kwa Kiswahili.

Lakini Juni 2024 vijana wa Kenya walinionyesha kitu. Muswada wa Fedha, uliotoka wakati nchi iko kwenye mpango wa IMF, ulikuwa mzito kusomeka. Wanasheria na wachumi vijana wakaufafanua kifungu kwa kifungu, ukatafsiriwa kwa Kiswahili na lugha nyingine, ukasambaa kwenye simu. Muuza mboga akajua mstari gani unamgusa. Juni 25 waandamanaji waliingia bungeni, kesho yake Rais Ruto akasema hatausaini. Gharama ilikuwa kubwa mno: makumi ya vijana waliuawa kwa risasi, na sipendi inavyosimuliwa kama sherehe.

Tukirudi kwenye meza ya Washington, Desemba 2023 IMF ilimaliza mapitio ya 16 ya michango. Ikaidhinishwa iongezwe asilimia 50, kwa uwiano ule ule kwa kila nchi. Maana yake mgawo wa kura ulibaki pale pale. Sikumbuki kuona habari hiyo ukurasa wa mbele hapa kwetu. Mapitio yanayofuata ndiyo yanayotakiwa kugusa mgawo wenyewe. Kabla hayajaisha, ningependa nimwone mchumi mmoja wa Mlimani amesimama sokoni Buguruni, pembeni yake mwanaharakati mwenye kipaza sauti, wakieleza kwa Kiswahili cha kawaida hiyo asilimia 16.5 inafanya kazi gani. Nitakuja na kalamu yangu, na posho sitaomba.