Injini Inapozimika Ghafla Safarini

Gari la spoti huwa fupi kwa kimo, huchukua watu wawili, na kwa kawaida huenda mbio kuliko magari yaliyo kando yake. Injini yake ikizimika ghafla katika barabara kuu, dereva hupatwa na mashaka mawili kwa pamoja. Mwendo wake unapungua katikati ya magari yasiyotazamia jambo hilo, na mwenye lori anayemfuata, aliyeketi juu sana, huenda asimwone upesi. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa gari hukata karibu mita 28 kila sekunde. Dereva akibabaika kwa sekunde tano tu, amekwisha kupita urefu wa uwanja wa mpira kabla hajaamua la kufanya.

Yafaa afahamu tangu mapema kwamba injini ikifa, gari zima halifi. Usukani bado unayageuza magurudumu na breki bado zinashika. Kilichoondoka ni msaada. Usukani unaosaidiwa na pampu ya injini huwa mzito, na huzidi kuwa mzito kadiri mwendo unavyopungua, lakini hugeuka ukishikwa kwa mikono miwili. Chombo kinachoupunguzia mguu kazi ya breki hubaki na akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu tu. Kwa sababu hiyo breki isichezewe kwa kukanyagwa na kuachiwa, kama wafanyavyo wengi kwa mazoea. Ikanyagwe mara moja kwa uthabiti na mguu ubaki pale pale. Akiba ikiisha, breki bado ipo, ila itadai nguvu zote za paja.

Mguu wa kushoto nao una kazi. Injini ikinata kabisa huku gia ikiwa imeingizwa, magurudumu ya nyuma yaweza kukwama na gari likayumba. Basi klachi ikanyagwe mara moja. Mwenye gia za kujiendesha aondoe mkono wa gia na kuuweka mahali pa N. Ufunguo usigeuzwe hadi mwisho, wala usichomolewe. Magari mengi hufunga usukani ufunguo unapotoka, na hakuna dereva awezaye kukata kona kwa usukani uliofungwa.

Taa za dharura ziwashwe, kisha gari lielekezwe kando ya barabara lingali na mwendo wa kutosha. Upande huo ni kushoto Uganda na Kenya, na ni kulia Rwanda, Burundi na Kongo. Wasafiri wanaovuka mipaka husahau hili pale hasa wanaposhtuka. Waliomo watoke kwa mlango usioelekea magari na wasimame mbali, nje kabisa ya barabara. Kusimama nyuma ya gari bovu ni kujitoa mhanga. Pembetatu ya kuonya iwekwe mbali nyuma, na katika barabara ya mwendo wa kasi iwekwe mbali zaidi. Desturi ya kutandaza matawi ya miti imeokoa wengi, lakini usiku matawi hayang'ai, na mara nyingi huachwa pale pale yakamhangaisha msafiri wa kesho.

Watu wakiwa salama, ndipo huja jaribu linalogharimu fedha nyingi kuliko yote: mkono kurudi kwenye ufunguo. Hapo dereva hana budi kukumbuka alichosikia wakati injini ilipokata.

Ikiwa injini ilinyamaza tu, kama redio iliyozimwa, bila mgongano wowote na bila taa nyekundu ya oili kuwaka kabla, huenda kisa ni umeme au petroli: fyuzi, pampu ya petroli, au kile kifaa kidogo kinachoipa kompyuta ya gari habari za mzunguko wa krenki. Kifaa hicho kikichoka hukatika kinapopata joto na kurudia kazi kikipoa, hata gari likawaka baada ya nusu saa kana kwamba halikuwa na neno. Katika hali hiyo kujaribu tena mara moja si kosa. Lakini ikiwa palisikika kugongana kwa chuma, kusagika au kishindo, ufunguo usiguswe tena.

Mfano unaojulikana sana ni Porsche Boxster, gari la viti viwili lililotoka Ujerumani mwaka 1996, na ndugu yake 911 ya wakati ule. Injini yao hukaa nyuma ya viti katika Boxster, na nyuma kabisa katika 911. Mwenye Boxster akifungua boneti ya mbele kando ya barabara atakuta nafasi ya mizigo tu. Ndani ya injini hizo mna shafti ya kati inayopokea mzunguko kutoka kwa krenki na kuupeleka kwa minyororo inayoendesha vali. Ncha moja ya shafti hiyo hubebwa na beringi ya gololi iliyozibwa, yenye grisi yake yenyewe. Kadiri miaka inavyopita oili ya injini hupenya na kuiosha grisi, gololi hulika, na siku moja shafti hukosa mahali pa kukaa. Minyororo huruka meno, pistoni hugonga vali, na katika muda mfupi injini nzima huwa chuma chakavu.

Beringi za mwanzo zilikuwa na safu mbili za gololi na zilivumilia zaidi. Zilizofuata, za safu moja, ndizo zilizoleta malalamiko mengi, hata wenye magari ya matoleo ya 2001 hadi 2005 huko Marekani wakafungua shauri la pamoja, na maafikiano yakapatikana mwaka 2013. Injini mpya zilizoanza kutumika katika matoleo ya 2009 hazina shafti hiyo kabisa. Anayelinunua gari la miaka ile kwa bei ya kuvutia ajue kwamba injini moja yaweza kugharimu zaidi ya gari lenyewe, na fedha hizo hutoka katika mfuko ule ule wa karo na chakula.

Hatari nyingine huja kwa sura ya wema. Gari likisimama, vijana hujitokeza kulisukuma ili liwake kwa gia. Kusukuma huko huizungusha injini sawasawa na ufunguo, na kama mnyororo umeruka, kila hatua ya wasukumaji hupinda vali nyingine. Washukuriwe, na waombwe walisukume likiwa halina gia, hadi mahali pa usalama tu.

Gari la namna hii livutwe juu ya lori la kubebea. Lisifungwe kamba penye bampa, kwani huko hakuna kitu cha kushikilia. Katika vifaa vya Boxster mna pete ya chuma inayoskurubiwa mbele kwa kazi hiyo. Gari lenye gia za kujiendesha lisiburutwe magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa chini.

Karakanani, fundi asianze kwa kuwasha. Amwage oili kwanza katika chombo safi, akikate kichujio na kukitandaza juu ya karatasi nyeupe. Chembe za chuma zinazong'aa humwambia habari ambazo ufunguo ungezinunua kwa gharama kubwa. Kazi hiyo hiyo ifanywe kila oili inapobadilishwa katika gari ambalo bado ni zima, na siku klachi inapofunguliwa, beringi ile ibadilishwe papo hapo, maana giaboksi imekwisha kushushwa na njia ya kuifikia iko wazi. Hata hivyo, katika matoleo ya 2006 hadi 2008 beringi ni kubwa zaidi na haitoki bila kuipasua injini yote. Mwenye gari kama hilo amebakiwa na kichujio na karatasi yake nyeupe.