Kwenu ni Wapi?

Katika miji yetu ya Katanga wako watu wanaosema hivi: mgeni akisumbuka rohoni, dawa yake ni moja tu, arudi kwao. Maneno hayo sisi tunayakataa kabisa.

Kwao ni wapi? Wazee wa Kasai hawakuja Katanga kwa kutangatanga. Katika miaka ya 1920 Union Minière iliwatafuta kwa kazi ya shaba, na reli ya BCK ilipofika Ilebo mwaka 1928, wengi zaidi wakaja. Walipewa nyumba kambini pamoja na wake zao, ili wakae. Watoto wao wakazaliwa Likasi na Kolwezi, wakasoma huko, hata ndoto zao waliziota kwa Kiswahili.

Mwaka 1992 na 1993 wakaambiwa warudi. Vijana wa chama, JUFERI, waliwafukuza majumbani, na watu wakawaita bilulu, maana yake wadudu. (Kumwita mtu mdudu ni hatua ya kwanza ya kumkanyaga.) Familia nzima zililala stesheni juma baada ya juma zikingoja treni, pamoja na masanduku, vyerehani na watoto wenye kuhara. Wengi walikufa pale pale au njiani. Na waliofika Mwene-Ditu na Mbuji-Mayi walikuta nini? Ndugu wasiowajua, mashamba wasiyoyazoea, Tshiluba kilichowakwama kinywani. Huko nako walihesabiwa kuwa watu wa Katanga.

Basi dawa ile ilimponya nani? Fundi wa mashine anakaa mlangoni kutwa bila kusema neno. Mama anashtuka usiku kila asikiapo kishindo. Huo ni ugonjwa, nao una waganga wake. Lakini jirani wanasema amerogwa, na hapo anatwikwa mzigo wa pili.

Mtatuambia: nanyi mwasahau taabu ya mwenyeji. Hatuisahau. Mwenyeji aliona vyeo vikishikwa na wengine, na kijana wake amekaa bure katika inchi yake mwenyewe. Uchungu huo ulikuwa wa kweli. Wakubwa waliuona wakauchochea, maana ulifaa siasa yao. Je, majirani walipokwisha kuondoka, kazi ilipatikana? Gécamines, iliyotoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka mwishoni mwa miaka ya 1980, mwaka 1993 haikufikisha hata 100,000. Masomo yalikosa walimu. Kijana wa mwenyeji alibaki amekaa bure vile vile, tena sasa ameona kwa macho yake jinsi jirani afukuzwavyo. Na mtu aliyeona hayo halali vizuri hata kwao.

Tangu vita ya Kamuina Nsapu ya mwaka 2016 na 2017, vijana wa Kasai wamepanda treni tena kuja Lubumbashi na Kolwezi. Wamo kati yao watoto wa wale waliofukuzwa. Wanashuka katika miji walimozaliwa baba zao, na wa kwanza kukutana nao anawauliza: kwenu ni wapi?