KANDA HUNGOJA, MZEE HANGOJI

Natoa maoni yangu juu ya jambo lisilozungumzwa sana hapa shuleni, nalo ni utunzaji wa sauti na sinema za watu wetu. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa shuleni tuna daftari la mahudhurio, daftari la ghala, hata daftari la majembe. Lakini ngoma, nyimbo na masimulizi ya watu wetu, ambayo nayo ni mali, daftari lake liko wapi?

Watu wengi hudhani kwamba nyimbo za Ugogo hazikurekodiwa. Si kweli. Mwaka 1950 Bwana Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini, alizunguka Tanganyika na mitambo yake akinasa nyimbo za makabila mengi, Wagogo wakiwamo. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika, ambayo leo iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, mji wa Makhanda, Afrika Kusini. Tena marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa mkoa wetu, fundi wa ilimba na zeze aliyefariki mwaka 2003, aliimba nchi nyingi za ng'ambo, na baadhi ya nyimbo zake zilitolewa Uingereza na kampuni ya Real World. Hapa nchini, kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam, zenye ngoma, hotuba na muziki wa dansi, zimerithiwa na Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC.

Na sinema ni vivyo hivyo. Sote tumesoma habari za marehemu Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962. Lakini ni wangapi kati yetu wajuao kwamba kabla ya hapo aliigiza katika filamu ya Muhogo Mchungu? Na katika hao wajuao, ni wangapi wamewahi kuiona?

Basi shida si kwamba hakuna kilichorekodiwa. Shida ni mbili. Ya kwanza ni kwamba kanda na filamu huoza kama mahindi ghalani. Filamu za zamani zikikaa penye joto na unyevu huanza kutoa harufu ya siki, kisha hujikunja na kuvunjika. Ukanda wa sauti hupukutika unga wake, au hunata usizunguke. Hata ukiwa mzima, mashine za kuuchezea zimekuwa adimu, na mafundi wake wanazeeka. Ndiyo maana UNESCO, katika mkutano wake mkuu wa mwaka 1980, ilizishauri nchi zote zitunze picha zao za sinema, na kila tarehe 27 Oktoba huadhimishwa Siku ya Urithi wa Sauti na Picha duniani.

Shida ya pili ndiyo kubwa, nayo haisemwi. Kanda ikiwekwa chumba kikavu chenye baridi yaweza kungoja miaka mingi. Mzee hangoji. Na bila mzee, kanda ni bubu ingawa inaimba. Likizo iliyopita binamu yangu alituletea nyumbani ngoma ya Kigogo katika simu yake, aliyoipata kwenye intaneti bila jina wala maelezo. Sisi vijana tulisikia ngoma tu, tukacheza. Bibi yetu alipoisikia alituambia tunyamaze. Akatueleza kwamba ule ni wimbo wa kumsifu mtu aliyegawa chakula wakati wa njaa, akatufafanulia maneno mawili ya Kigogo ambayo hata mama yetu hakuyajua. Daftari la wimbo ule lilikuwa kichwani mwa bibi.

Ndugu zetu wa Kenya wametuonyesha njia. Mwaka huo huo wa 1950 Bwana Tracey alirekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba wimbo uitwao Chemirocha. Miaka 65 baadaye maktaba ile ya Afrika Kusini, pamoja na watu wa Ketebul Music wa Nairobi, walizirudisha nyimbo hizo kijijini. Waliwakuta wazee waliokuwa hai tangu siku zile, wakasikia nyimbo zao wenyewe na kuzieleza. Wangechelewa kidogo, wangekabidhi nyimbo kwa watoto wasiojua ni za nini.

Najua wako watakaosema, “Serikali ina kazi ya maji, madawati na dawa, nyimbo zingoje.” Nami nakubali kwamba maji ni kwanza. Lakini mimi siombi jumba la ghorofa. Naomba nakala. Nakala ya nyimbo mia moja leo yaingia katika kitu kidogo kama ukucha. Wengine watasema, “Kila kitu kiko kwenye intaneti.” Hao nawajibu kwamba kitu kisicho na jina la mwimbaji, kijiji wala mwaka hakijatunzwa, kimetupwa mahali penye watu wengi.

Kwa hiyo natoa mashauri matatu. La kwanza, wakubwa wetu waombe nakala za sauti zote za Ugogo zilizoko Dar es Salaam na ng'ambo, ziwekwe hapa Dodoma. Tangu mwaka 1973 ilipoamuliwa Makao Makuu yahamie hapa, hata sheria ya mwaka 2018, tumejengewa mengi. Chuo Kikuu cha Dodoma kipo, na hewa yetu ni kavu kuliko ya Pwani, ambayo huzidhuru kanda kwa unyevu wake. La pili, nakala hizo zipelekwe vijijini, na kusikilizwa mbele ya wazee na akina mama wa muheme, vijana wakiandika majibu. Na wazee waulizwe pia ni nyimbo gani zisichezwe hadharani, maana za jando si za kila sikio.

La tatu latuhusu sisi. Kila tarehe 27 Oktoba shule yetu iwaalike wazee wawili au watatu wa hapa jirani. Sisi wa Kidato cha Nne tutakuwa tukijiandaa na mtihani, lakini wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza na cha Tatu waweza kuwarekodi kwa simu ya mwalimu, na kuandika katika daftari: jina, kijiji, tarehe, chombo, wimbo waimbwa lini, na kama mwenyewe ameruhusu usikilizwe. Daftari hilo likae maktaba, na nakala ya sauti iwekwe mahali pawili, kwa kuwa simu huibiwa na kompyuta huharibika.

Wazazi mtakaosoma gazeti hili, nanyi nawaomba: mtoto akirudi likizo akiwa na kalamu na maswali, msimwambie anapoteza muda wa masomo. Hilo nalo ni somo, na walimu wake ni wachache kila mwaka.

Hayo ndiyo maoni yangu. Mwenye kupinga na aandike katika gazeti la muhula ujao.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne