Zawadi kwa Mpenda Reli Ndogo



Mwezi wa Desemba uingiapo, kila nyumba huwa na hesabu zake. Mama huhesabu kilo za mchele na vibaba vya maharage, baba huhesabu nauli ya kwenda kuwaona wazee, na watoto huhesabu siku zilizobaki kabla ya kuvaa nguo mpya. Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Maneno hayo ni ya kweli. Ila hayakutufundisha namna ya kuujua moyo wa yule anayepewa, na hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Huyu hununuliwa shati lisilomwenea, na yule hupewa birika la tatu ilhali nyumba nzima inakunywa chai kwa birika moja.

Leo nakualika twende mbali kidogo, hadi Ujerumani, Uingereza na Marekani, tukawatazame watu ambao kuwachagulia zawadi ya Krismasi ni kazi ngumu kupita kiasi. Nao ni wapenda reli ndogo. Nia yangu si kukutamanisha vitu vya watu. Nataka tuone jinsi jamaa zao wanavyohangaika kuwapa kitu kinachofaa, kisha tujiulize kama sisi nasi tunajua kutoa.

RELI JUU YA MEZA

Hawa ni watu wazima, na wengi wao ni wanaume wenye mvi: mafundi, makarani, walimu, madaktari na wastaafu. Katika chumba cha chini ya nyumba, au darini, au katika banda la gari, mtu huyu ametandika meza pana na juu yake amelaza reli. Pana stesheni, madaraja, mahandaki, vilima vya plasta, miti, maduka na watu wadogo wasiozidi ukucha, waliosimama wakingoja treni. Treni yenyewe huendeshwa kwa umeme, nayo hupita, husimama na kubadili njia kama ile kubwa.

Usidhani ni mchezo wa ovyo. Kila kitu kina kipimo. Kipimo kinachotumika zaidi ulimwenguni huitwa HO, nacho ni 1 kwa 87. Yaani kitu cha kweli hugawanywa kwa 87. Chukua reli yetu mpya ya SGR, ambayo mwaka 2024 ilianza kuwachukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Upana wake ni milimita 1,435. Ukiugawanya kwa 87 unapata milimita 16.5, na huo ndio upana wa reli ya HO. Behewa la abiria lenye urefu wa mita 26.4, kama yale ya Ujerumani, huwa na urefu wa sentimita 30 hivi. Waingereza wengi hutumia kipimo cha OO, ambacho ni 1 kwa 76. Wenye vyumba vidogo hutumia N, ambacho ni 1 kwa 160, na reli yake ina upana wa milimita 9. Na tangu mwaka 1972 kipo kipimo cha Z, ambacho ni 1 kwa 220. Kichwa cha treni cha kipimo hicho hukaa kiganjani bila ya kukijaza.

Hapo basi ndipo mtego ulipo. Mke mwenye mapenzi, au binti aliyeweka akiba miezi mitatu, huingia dukani akanunua behewa zuri la kung'aa. Siku ya sikukuu baba hufungua sanduku, hutabasamu, hushukuru, kisha hulipanga kabatini milele, kwa sababu behewa ni la HO na reli yake ni ya N. Sisi twaweza kulielewa jambo hili upesi. Reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067 na Reli ya Kati ya zamani ina milimita 1,000. Tofauti ni milimita 67 tu, lakini mzigo ukifika Kidatu hauna budi kuhamishwa kutoka treni hii hadi ile. Kumbe kitu kinaweza kuwa kizuri, kipya na cha ghali, na bado kisiifuate njia ya mwenyewe.

Wala kipimo si mtego wa pekee. Treni nyingi za mezani hupokea umeme kwa reli zake mbili. Bali zile za HO za kampuni ya Märklin hutumia vidude vya chuma vilivyopangwa katikati ya reli. Kichwa cha aina moja kikiwekwa kwenye reli ya aina nyingine, ama hakiendi, ama hupiga shoti. Kisha kuna zama: aliyejenga meza yake ionekane ya mwaka 1935, enzi ya makaa na moshi, hataki treni ya umeme ya siku hizi hata akipewa bure.

ZAWADI INAYOZAA ZAWADI

Huenda ukauliza, mambo haya yalifungamana vipi na Krismasi? Yalianzia kwa watoto. Kampuni ya Märklin ya mji wa Göppingen, Ujerumani, ilianzishwa mwaka 1859, ikatengeneza vyombo vidogo vya jikoni vya bati kwa ajili ya nyumba za wanasesere. Wenyewe waliona kwamba mtoto aliyepewa nyumba ya mwanasesere mwaka huu, mwaka ujao ataomba kiti, na mwaka wa tatu meza. Mwaka 1891, katika maonyesho ya biashara ya Leipzig, wakaleta treni ya kutia ufunguo pamoja na reli zenye umbo la nane. Werevu wao ulikuwa hapa: reli zile ziliweza kuongezwa. Mzazi aliyenunua mara moja alikuwa amejifunga kununua tena. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kilichojaa kilikuwa cha mwenye duka.

Kule New York, Joshua Lionel Cowen alianzisha kampuni ya Lionel mwaka 1900. Gari lake la kwanza la umeme lilikusudiwa kuzunguka dirishani mwa duka ili kuvuta macho ya wapita njia. Wapita njia wakalitaka gari lenyewe. Huko Liverpool, Frank Hornby, aliyekwisha kupata jina kwa vipande vya chuma vya Meccano, alitoa treni zake mwaka 1920. Baada ya hapo treni ya kuzunguka chini ya mti wa Krismasi ikawa desturi katika nyumba nyingi za Marekani, na matangazo ya biashara yakawahubiria akina baba kwamba treni ndiyo itakayowaunganisha na wana wao wa kiume.

Na mabinti je? Kwa muda mrefu walisahauliwa. Mwaka 1957 Lionel ikakumbuka, ikatoa treni ya wasichana yenye kichwa cha rangi ya waridi na mabehewa ya rangi laini laini. Haikuuzika. Binti aliyependa treni alitaka treni inayofanana na treni. Tafakari jambo hilo, ndugu mzazi. Mara ngapi tumemchagulia mtoto zawadi kwa kutazama kwamba yeye ni wa kike au wa kiume, wala hatukumtazama yeye mwenyewe?

WANATAKA NINI HASA?

Ukiwauliza hawa wapenda reli wanatamani nini wakati wa sikukuu, kila mmoja ataanza kwa kutaja kichwa cha treni. Vichwa vya siku hizi vina chombo kidogo ndani kinachopokea amri kwa namba yake, hata treni mbili zikaweza kwenda kinyume juu ya reli moja, huku kila moja ikitoa mlio wake. Lakini bei ya kichwa kizuri hufika mamia ya dola, na si kila nyumba inaweza.

Umwache aendelee kusema, na orodha itashuka. Atataja gundi nzuri. Tupa ndogo, kibano, bisibisi nyembamba. Rangi ya kutu ya kupakia mabehewa yaonekane yamefanya kazi. Miti kumi ya kupanda kilimani. Vipande viwili vya reli ya kupinda. Mwaka mmoja wa jarida la Model Railroader, ambalo limekuwa likichapishwa Marekani tangu mwaka 1934. Haya ni mambo madogo, ambayo hata mtoto wa shule anaweza kuyanunua kwa fedha yake ya akiba, nayo hutumika yote mpaka yakaisha. Zawadi iliyotumika hadi ikaisha ni heri kuliko ile iliyohifadhiwa kwa heshima.

Kwa hiyo familia nyingi zimejiwekea utaratibu. Mwenye reli huandika orodha yake, hutaja kipimo, kampuni, zama na namba ya kitu katika daftari la duka, kisha huiacha mahali itakapoonekana. Wengine humwuliza rafiki yake wa chama kwa siri. Wengine huhifadhi stakabadhi ya duka ili kitu kiweze kubadilishwa. Na wenye busara hukubaliana mapema juu ya kiasi cha fedha, kwa sababu reli ni kama shimo lisilo na kina: kodi ya nyumba na karo za watoto zaweza kutumbukia humo bila ya sauti.

Tena kuna mzaha wao wa siku nyingi, kwamba mtoto hajaota jino lakini baba amekwisha kumnunulia treni. Mzaha huo una ukweli unaochoma. Aliyenunua kwa jina la mtoto, kisha akamkataza mtoto kugusa, amejipa zawadi mwenyewe.

AMBACHO DUKA HALIUZI

Nafika sasa mahali pazito. Watoto wengi wa leo huko Ulaya na Marekani hawakui wakitamani treni kama babu zao walivyotamani. Kampuni ya Märklin yenyewe ilifilisika mwaka 2009, katika mwaka uleule wa kutimiza miaka 150, na mwaka 2013 ikanunuliwa na kampuni nyingine ya Ujerumani ya vitu vya kuchezea. Inaendelea na kazi hadi leo, lakini chumba cha reli katika nyumba nyingi kina mtu mmoja tu, na mtu huyo ni mzee.

Mzee huyo akifariki, watoto hurithi masanduku wasiyoyajua. Hawajui kipi ni cha thamani na kipi ni takataka. Kazi ya miaka 40 huuzwa kwa bei ya kutupa katika siku moja. Ndiyo maana mtu wa namna hii, ukimwuliza taratibu nini anachokitamani kupita vyote, huenda asitaje kichwa cha treni tena. Atasema angependa mjukuu aje Jumamosi moja, ashike bisibisi, aulize kwa nini treni inasimama pale. Zawadi hiyo haina bei wala haikosewi kipimo.

Wala haiwi bure. Ndugu wawili pacha, Frederik na Gerrit Braun, walifungua huko Hamburg mwaka 2001 maonyesho ya reli ndogo yaitwayo Miniatur Wunderland, ya kipimo kilekile cha HO. Watu zaidi ya milioni 20 wamekwisha kwenda kuyatazama, na wengi wao walikwenda na watoto wao. Kumbe mtoto hakuichoka treni. Alichokikosa ni mtu wa kumwonyesha.

NA SISI JE?

Huenda hujapata kuziona treni hizo za madukani, wala hazitakuja nyumbani kwako. Haidhuru. Watoto wetu wamekuwa wakiunda magari kwa makopo, waya na vizibo tangu zamani, bila ya kuongozwa na mtu. Jumapili hii kaa nao. Chukueni kipimo cha 1 kwa 100, ambapo kila mita ya kweli inakuwa sentimita 1. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ina upana wa mita 1 kamili. Basi reli yenu itakuwa na upana wa sentimita 1. Njiti ya kiberiti ikikatwa katikati hutoa mataruma mawili. Mtu wa mita 1.70 atakuwa na kimo cha milimita 17, na mlango wa stesheni wa mita 2 utakuwa wa sentimita 2. Andikeni majina ya stesheni: Pugu, Ruvu, Ngerengere, Morogoro, Kilosa. Mtoto atakuwa amejifunza hesabu, jiografia na historia, naye atadhani alikuwa akicheza tu.

Na kabla ya kwenda dukani kumnunulia mtu yeyote zawadi, iwe ya Krismasi au ya Idi, jiulize mambo matatu. Je, namjua anachokifanya akiwa peke yake? Je, nilichonunua kitaifuata njia yake, au njia yangu mimi? Je, nitakuwapo siku atakapokitumia? Kama jibu la tatu ni ndiyo, mengine utasamehewa.

Nakutakia sikukuu njema, wewe na wote walio nyumbani mwako. Tukijaliwa, tuonane Jumapili ijayo.