Majani ya baharini si magugu, ni malisho

Mkulima wa mwani wa Paje au Jambiani, Zanzibar, anapotafuta eneo jipya, mara nyingine huanza kwa kung'oa majani yaliyoota chini ya maji. Kwake hayo ni magugu. Kwa mvuvi wa dema wa kijiji hicho hicho, ni malisho ya samaki. Hapo ndipo penye hesabu ambayo wengi hatujaipiga.

Majani hayo, yaani nyasi bahari, si mwani. Mwani hauna mizizi wala maua. Nyasi bahari zina mizizi, maua na mbegu kama mimea ya shambani. Mizizi hiyo hushika mchanga usichukuliwe na mawimbi. Tasi na pono hula majani yake, na changu wachanga hujificha humo hadi wakue.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Ni kipato halali na hakuna sababu ya kukiacha. Lakini tuhesabu kama wafanyabiashara. Faida ya kung'oa majani huipata mwenye shamba peke yake. Hasara huwaangukia wengi: mvuvi, mchuuzi wa samaki, na kina mama wanaookota chaza maji yakitoka. Tena mara nyingi mkulima wa mwani na mvuvi ni mke na mume. Fedha inayoingia kwa mwani inatoka kwa kitoweo cha kununua.

Aidha, majani huumizwa na juya linalokokotwa na nanga zinazotupwa ovyo. Kumlaumu mkulima wa mwani pekee si haki.

Nini kifanyike? Kwanza, vigingi vipigwe penye mchanga mtupu. Pili, mwani aina ya cottonii, wenye bei nzuri kuliko spinosum, hufa maji ya kina kifupi yanapopata joto kali. Kuupeleka kwenye maji ya kina kirefu kunahitaji boti na kujua kuogelea, hivyo vikundi visaidiwe mikopo na mafunzo. Tatu, kamati za wavuvi na wakulima wa mwani zikae pamoja kugawana maeneo.

Ipo pia biashara ya kaboni. Huko Gazi, Kwale nchini Kenya, mradi wa Mikoko Pamoja umeuza kaboni ya mikoko tangu miaka ya 2010, na fedha zimesaidia maji na shule. Nyasi bahari nazo huhifadhi kaboni kwenye tope. Hata hivyo, kijiji kikiletewa mkataba wa aina hiyo kiulize kwanza: ni wa miaka mingapi, mgawo wetu ni kiasi gani, na nani atazuiwa kuvua?

Mfugaji hachomi malisho kisha akalalamika kwamba ng'ombe hawatoi maziwa. Nasi wa pwani tusifanye hivyo baharini.