Tusililie Mawe, Tutazame Zabibu

Andalusia ikitajwa mbele yetu Waislamu, wengi huvuta pumzi kwa majonzi. Tutaitaja Alhambra, tutautaja msikiti wa Cordoba, kisha basi, yamekwisha. Mimi naona huko ni kulilia mawe. Urithi ulio hai uko kwingine, nao ni zabibu.

Ibn Battuta aliyelala usiku mmoja Mombasa mwaka 1331 akielekea Kilwa, ndiye yule aliyefika Málaga, kusini mwa Hispania, yapata mwaka 1350. Alizisifu zabibu za mji ule na urahisi wa bei yake sokoni. Mashariki ya mji huo kuna milima iitwayo Axarquía hadi leo. Ajuaye Kiarabu hahitaji mkalimani: ni sharqiya, upande wa mashariki. Mizabibu ilikuwako kabla ya Waarabu, lakini chini ya utawala wao ilisitawi na kuvuma. Málaga ilitekwa mwaka 1487, na kati ya 1609 na 1614 wazao wa Waislamu wakafukuzwa Hispania. Hata hivyo kamusi za Kihispania zingali na neno la kale "acebibe", yaani zabibu kavu. Ndilo neno letu lilo hilo.

Zabibu yenyewe ni nyeupe, aina ya moscatel. Wako waikamuao wakafanya mvinyo. Hao tunawaachia wenyewe. Wako waianikao. Kuanzia Agosti huchumwa kwa mkono, maana mteremko ni mkali, trekta haipandi, na mchukuzi ni nyumbu. Vishada hutandazwa juani, hugeuzwa kimoja kimoja, na usiku hufunikwa umande usiviharibu. Zikishakauka, hukatwa punje kwa punje kwa mkasi. Tunda ni lile lile; mkono wa mja ndio uligeuzao riziki njema au haramu.

Kazi hii imepata misukosuko. Mwaka 1878 filoksera, kijidudu kinyonyacho mizizi, kiliingia Moclinejo katika milima hiyo kikaangamiza mizabibu. Wengi walihama, waliobaki wakapanda upya. Mwaka 2017 shirika la FAO la Umoja wa Mataifa liliitambua kazi hii kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Ni heshima kubwa, lakini cheti hakigeuzi kishada. Wakulima wamezeeka, vijana wateremka pwani kwenye hoteli, na wenye mabonde wameona faida katika maembe na maparachichi. Siwalaumu; tumbo halingoji historia.

Lakini na tuelewe: kasri hukaa karne nyingi bila mtu ndani yake. Elimu ya mikono haikai hivyo. Ikikosa mrithi, huzikwa pamoja na mwenyewe. Basi ndugu msomaji, kabla hatujatunga utenzi mwingine wa kuilia Andalusia, twende kwa fundi wa milango ya nakshi na kwa mama asukaye mikeka hapa mitaani petu, tuwaulize: ni nani mnayemfundisha?